Nilivyochukua Nafasi ya Mgomba

Nimelala juu ya meza ya eksirei mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote wa Biharamulo, na muda wote huo sikuwa naumwa hata jino. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nilisomea kazi ya kupiga picha za mifupa wakati wa vita, wananipa heshima nisiyoiomba. Wananiona nimesimama nyuma ya mashine, nimevaa koti jeupe, natoa amri. Koti lilikuwepo na amri zilikuwepo, ila si zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala.

Kijiji ndicho kilichonituma. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, mwendo kidogo kutoka Nyamiaga, wilayani Ngara, na siku moja mwenyekiti akatangaza mkutanoni kwamba hospitali ya Biharamulo, wilaya jirani, inataka vijana wa kufundishwa eksirei. Kijana aliyependekezwa kwanza alikuwa ameshachukuliwa mgambo. Wa pili alijificha porini, akidhani hii nayo ni njia ya kumpeleka vitani. Likabaki jina langu. Nilikuwa nimemaliza shule, nilijua kusoma, na sikuwa na pa kujificha. Mwenyekiti alisema mbele ya watu wote kwamba nikirudi bila cheti nitashika jembe kwenye shamba la kijiji, na hakuna msichana mwingine atakayetumwa popote kutoka kwetu. Wasichana wenzangu walionisindikiza mpaka barabarani walikuwa wamelisikia hilo vizuri. Mmoja wao alinishika mkono akaniambia, "Usituangushe," na wala hakuwa anatabasamu.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mmoja alikuwa mtu mzima wa Kasulo, aliyewahi kufunga vidonda zahanati, mpole mpaka anaudhi. Wa pili alikuwa kijana wa pale pale Biharamulo, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyojulikana mjini, mcheshi, mvivu, mwenye viatu vizuri kuliko vya mwalimu. Mwalimu mwenyewe namwita mwalimu kwa kukosa neno jingine ninaloweza kuliandika. Alisomea Dar es Salaam, na aliamini kwamba kuletwa Biharamulo ilikuwa adhabu. Kwa kuwa hakumjua aliyemwadhibu, alilipiza kwetu.

Alituita sote "ndugu", kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Ndugu, fagia. Ndugu, chota maji. Ndugu, nifulie koti. Sikuwahi kumsikia ndugu huyo akiulizwa kama amekula.

Mashine ilikuwa nzima ila haikuwa na umeme. Malori ya jeshi yalipita mchana kutwa kuelekea kaskazini, na dizeli yote ikaenda nayo. Jenereta ya hospitali iliwashwa kwa ajili ya upasuaji tu. Filamu chache zilizobaki zilifungiwa kabatini kusubiri majeruhi. Kwa hiyo tulifundishwa kwa kuigiza. Tulisogeza mashine isiyowaka juu ya mtu asiyeumwa, tukaingiza chini ya mgongo wake kaseti, lile kasha bapa la chuma la kubebea filamu, likiwa tupu, tukabonyeza kitufe kisichofanya kitu, kisha tukaingia chumba cha giza kuosha picha ambayo haipo. Tuliziita picha kavu. Sina ugomvi na picha kavu. Mkono mgeni ni bora ukosee mahali ambapo hakuna mbavu iliyovunjika. Ugomvi wangu ni juu ya nani alilala.

Mwanzoni alilala mgomba. Mwalimu alituagiza tukate shina nene, tukalivalisha shati kuukuu na kulichorea mabega kwa mkaa. Tulilipima, tuliligeuza ubavu, tuliliambia livute pumzi. Lilikuwa mgonjwa mtulivu kabisa. Ila mtu yeyote wa kwetu angemwambia mwalimu kitu ambacho Dar es Salaam hawakumfundisha: mgomba uliokatwa unatoka utomvu, na utomvu wa mgomba ukishika nguo, nguo hiyo itazikwa nao. Tulimwambia. Akasema hakuja Biharamulo kufundishwa na wakulima wa ndizi. Kesho yake koti lake jeupe lilikuwa na mabaka ya kahawia kifuani kote, akanipa nilifue. Nililifua kwa mchanga, maana sabuni ilikuwa haipatikani, na mabaka hayakutoka. Hapo ndipo alipoutupa mgomba nje na kusema sasa tutalala sisi kwa zamu.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Kasulo. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole wake, "Samahani, mwalimu. Kwetu mtu mzima halazwi chali mezani, mikono imenyooshwa, watu wamemzunguka. Hivyo analazwa maiti."

"Na wewe?" mwalimu akamuuliza yule kijana.

"Wallahi mimi siwezi," akasema kijana. "Mzee wangu akisikia, sina pa kulala."

Mwalimu akanigeukia. Hakuuliza kwetu ikoje. Mimi ni Mhangaza na yule wa Kasulo ni Mhangaza mwenzangu; mezani kwake ni maiti, na mezani kwangu ni maiti ile ile. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Mwalimu akasema, "Panda, ndugu, usitupotezee muda," nikapanda. Yule mpole alitazama dirishani.

Tangu siku ile zamu haikuzunguka tena. Nililala asubuhi, nikalala baada ya chakula. Chuma cha kaseti kilikuwa cha baridi mgongoni hata wakati wa jua kali. Walinigeuza shingo, walinikunja goti, walinipima bega kwa vidole vyenye ugali. Somo kubwa lilikuwa kifua cha mtu asiyeweza kusimama, kwa sababu majeruhi wengi hawangesimama. Mgonjwa analala chali, kidevu juu, kaseti chini ya mabega, kisha mpigaji anamwambia, "Vuta pumzi. Zuia." Anakwenda nyuma ya ukuta, anabonyeza, anarudi, anasema, "Pumua."

Neno hilo la mwisho hawakulisema. Mgomba ulikuwa umewazoesha vibaya, maana mgomba hauhitaji kuambiwa upumue. Walibonyeza kitufe, wakaanza kubishana kama mashine ilikuwa juu sana au chini sana, na mimi pale mezani kifua kimejaa, macho yanatoka machozi. Siku ya kwanza nilijipumulia mwenyewe. Mwalimu akapiga makofi.

"Umeharibu picha, ndugu. Tunarudia."

"Hajaniambia nipumue."

"Mgonjwa mzuri haachii pumzi mpaka aambiwe. Tunarudia."

Ukawa ndio mchezo wake. Alisimama na saa yake mkononi, akiwakonyeza wale wawili wasiseme neno, na nilipoishiwa nikatoa pumzi kwa kishindo, wote watatu walicheka. Hata yule mpole alicheka. Halafu, "Umeharibu picha, ndugu. Tunarudia." Jioni nilikuwa nikila nasikia kifua kinauma kana kwamba nimetwanga kinu kimoja na watu watatu.

Nilimchukia. Sitafuti neno laini. Nilichukia sauti ya viatu vyake barazani, nilichukia jinsi alivyokunja mikono ya koti kuficha mabaka. Nilimwomba zamu yangu ya kusimama nyuma ya mashine, akasema, "Subira huvuta heri, ndugu." Nilimwomba tena baada ya kupita muda, akasema zamu yangu itafika. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikajua kwamba mtu huyu ameshaamua nirudi Ngara mikono mitupu, na hatalisema, atanilaza tu mpaka siku ziishe.

Basi nikawa nasoma kwa chini. Nikiwa nimelala nilitazama kila walichofanya wale wawili, na kwa kuwa mwili ulikuwa wangu nilisikia makosa kabla mwalimu hajayaona. Nilijua kaseti ikiingia upande. Nilijua mashine ikisimama kombo, maana kivuli chake kilinikaa shavuni. Sikuwaambia. Wangenilipa nini?

Kisha akaja mama.

Alikuwa amepata lifti ya lori mpaka njia panda na kutembea sehemu iliyobaki, na kikapu cha ndizi na maharage kichwani, bila kunipa habari. Mtu wa getini alimwelekeza chumba cha eksirei. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mwanga. Akasimama kizingitini na kumwona binti yake amelala chali juu ya meza ndefu, mikono imenyooshwa ubavuni, macho yamefumbwa, kifua hakipandi wala hakishuki, na wanaume watatu wamesimama wakimtazama. Nilikuwa nimezuia pumzi.

Kilio alichokitoa mama sijakisikia tena, hata siku tulipomzika baba. Kikapu kilianguka, ndizi zikatapakaa hadi chini ya meza. Wagonjwa wenye uwezo wa kutembea walitoka wodini. Wanawake waliokuja kuuguza, bila kujua aliyekufa ni nani, walishika vichwa na kuitikia kilio, kama inavyostahili. Mimi niliruka mezani nikamkumbatia, naye akanisukuma akinipapasa uso, anasema kwa Kihangaza, "Ni wewe? Ni wewe kweli?"

Alipotulia, alimgeukia mwalimu. Alikuwa na umri wa kumzaa. Alisubiri aamkiwe, kwa sababu hata baada ya kilio kama kile, adabu ni adabu. Mwalimu hakumpa shikamoo. Alisema, "Nani kamruhusu mama huyu mshamba kuingia huku?"

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kwanza niambie, nani kamraza mwanangu hivi?"

"Ni mazoezi, mama. Mazoezi! Anajifunza."

"Anajifunza kufa?"

Kijana wa Biharamulo alitaka kucheka, akaona uso wa mama, akaacha. Mwalimu alimwita mtu wa getini amtoe mama nje. Niliokota ndizi moja moja huku mwalimu akinihesabia kwamba napoteza muda wa somo.

Nilimsindikiza mpaka getini. Mama alikuwa ameacha kulia na sasa alikuwa na hasira, ile hasira yake ya utulivu tuliyoiogopa kuliko fimbo. Aliniambia kwa lugha yetu kwamba nisikanyage kizingiti chake mpaka yule aliyenilaza naye alazwe pale pale, chali, mikono imenyooshwa. Mimi nimeshaliliwa, alisema. Kifo kimeshaonyeshwa kitanda changu, kinakijua.

"Unataka mwalimu afe?" nikamuuliza.

"Sitaki afe. Nataka kifo kichanganyikiwe."

Sijui kama hiyo ni mila ya Wahangaza wote au ilikuwa ya mama peke yake. Mama alikuwa na mila kadhaa alizozitunga mwenyewe, na hizo ndizo alizozishika sana. Alinipa baraka ya mkono kichwani akaondoka kwenda kutafuta lori. Nikabaki pale getini nikijua kwamba sasa nina milango miwili iliyofungwa, wa kijiji na wa mama, na funguo zote mbili ziko mfukoni mwa mtu mmoja.

Mkaguzi alikuja kutoka mkoani wakati vita vilikuwa vimeshavuka mpaka. Alikuwa mzee mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitueleza bila maneno mengi kwamba Bukoba wamejaa majeruhi na wanataka mikono. Atakayefaulu leo anapata cheti na kwenda naye. Atakayeshindwa arudi kwao, kwa sababu hospitali ile haina tena chakula cha wanafunzi. Filamu hakuleta. Mtihani ungekuwa picha kavu, kifua cha mtu asiyeweza kusimama.

"Panda, ndugu," mwalimu akaniambia.

Nikapanda. Mtu wa Kasulo alinipima vizuri. Akasahau pumua. Kijana wa Biharamulo aliweka kaseti upande, akarekebisha, akasahau pumua. Nilizuia pumzi mara zote mbili mpaka nikaona nyota, na sikuachia, kwa sababu sikutaka mtu aseme nimeharibu picha siku ile. Mwalimu alitabasamu na kuchukua aproni ya risasi, lile vazi zito la kujikinga na mionzi, akaitundika msumarini.

"Basi, mzee. Ni hao."

Mzee alinitazama nikishuka mezani. "Na wewe, binti, shikamoo yako sijaisikia. Unaumwa nini?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Siumwi. Mimi ni mwanafunzi wa tatu."

Mwalimu akadakia. "Huyu alikuwa anatusaidia kama mgonjwa. Bado hajawa tayari kwa mashine."

"Tangu lini anajifunza?"

"Tulianza siku moja wote," nikasema.

Mzee akakaa tena kwenye stuli yake. "Haya, nipimie kifua. Mgonjwa wako nani?"

Mtu wa Kasulo alitazama dirishani kwake kule kule. Kijana alitazama viatu vyake. Mwalimu alisema hakuna mtu, na muda umekwisha, na gari la mzee linasubiri. Nilijua nikinyamaza sasa nimenyamaza mpaka kwenye shamba la kijiji, na wale wasichana nyuma yangu.

"Alale mwalimu," nikasema.

Mwalimu alicheka. Mzee hakucheka. "Kuna ubaya gani? Binti huyu amelala mara mbili nikiangalia."

"Mzee, mimi ni mwalimu wao."

"Mkuki kwa nguruwe," mzee akasema, akiwa kama anajisemea. "Lala, ndugu."

Akalala. Alivua viatu na koti, lile la mabaka, akapanda kwa shida kama mtu anayepanda punda. Nilimvua saa mkononi na kuiweka mbali. Nilimfungua vifungo vya shati, kwa sababu kifungo kinaonekana kwenye picha kama sarafu. Niliingiza kaseti chini ya mabega yake, naye akaruka kwa baridi. Nikamwambia atulie. Nilimwinua kidevu. Nilimnyoosha mkono wa kulia, nikamnyoosha wa kushoto, nikaviweka viganja vyake ubavuni, polepole, huku nikimtazama usoni. Nilivaa aproni. Nilisogeza mashine juu yake na kuiweka sawa, na sikuhitaji kuitazama mara mbili, kivuli kilikuwa mahali pake.

"Vuta pumzi," nikasema. "Zuia."

Nikaenda nyuma ya ukuta, nikabonyeza kitufe. Kisha nikasimama pale pembeni mwa ukuta, nikiwatazama.

Niliwaona wale wawili wakinitazama. Walikuwa wameelewa. Mwalimu naye alielewa, niliona jicho lake likinitafuta pembeni bila kugeuza kichwa, kwa sababu mgonjwa hageuzi kichwa. Mishipa ya shingo ikamtoka. Angeweza kupumua wakati wowote, hakuna aliyemshika. Lakini alikuwa ametufundisha mbele ya kila mtu kwamba mgonjwa mzuri haachii, na mzee alikuwa amekaa pale. Vidole vyake vya miguu vilianza kujikunja ndani ya soksi. Mwishowe pumzi ikamtoka kwa kishindo, akaketi anakohoa, shati wazi.

"Umeharibu picha, ndugu," nikamwambia. "Tunarudia."

Mzee alinikunjia uso. "Binti. Hukumwambia apumue."

"Neno hilo halifundishwi humu, mzee. Waulize."

Aliwatazama wale wawili. Mtu wa Kasulo, safari hii, hakutazama dirishani. "Ni kweli, mzee," akasema. "Tulikuwa tunacheka."

Mzee alimtazama mwalimu akihangaika na vifungo. Kisha akasema, "Acha vifungo, ndugu. Lala tena. Binti, rudia, na maneno yote."

Nikarudia, na maneno yote. Pumua nililisema vizuri, kwa sauti, na nikaona kifua chake kikishuka.

Mzee alituchukua wawili, mimi na mtu wa Kasulo. Alinipa ruhusa ya kwenda kwetu kwanza kuaga. Cheti nilikikunja ndani ya kitenge. Kijijini mwenyekiti alinishika mkono kwa nguvu, wasichana wakapiga vigelegele, na mimi nikawapita wote nikaenda kwa mama.

Alikuwa amesimama mlangoni, ameujaza mlango. Hakuniuliza kama nimefaulu.

"Alilala?"

"Alilala."

"Chali?"

"Chali."

"Mikono?"

"Nilimnyoosha mwenyewe, mama. Mmoja mmoja."

Akasogea pembeni. "Ingia ule," akasema.